JE, MTU ANAWEZA KUOKOKA HAPA HAPA DUNIANI?

Somo juu ya neno SOZO

Kijana mwenzangu! Karatasi hii imefika mkononi mwako leo. Huenda wewe si mtu wa kanisani. Huenda ulikuwa unapita zako tu, ukasikia vyombo vinalia uwanjani, ukasimama kutazama watu. Karibu sana. Usiikunje kwanza ukaitia mfukoni. Somo hili limeandikwa kwa ajili yako.

Mtaani umekwisha kusikia watu wakiulizana, "Umeokoka?" Na umesikia majibu. Mmoja anasema, "Hakuna anayeokoka hapa duniani. Mambo hayo yatajulikana siku ya hukumu." Wa pili anasema, "Hao walokole ni majivuno tu, nani kawaambia wameokoka?" Wa tatu anasema, "Mimi nilibatizwa tangu utotoni, yatosha."

Sasa, nani mkweli? Kama hakuna kuokoka hapa duniani, basi mkutano huu ni kupoteza muda, na kila anayeshuhudia kwamba ameokoka ni mwongo. Lakini kama kuokoka kupo hapa hapa, basi wewe unayesubiri mpaka kaburini unasubiri mahali pasipo na gari! Jambo hili si la kubishania kijiweni halafu kila mtu aende kwake. Ni uhai wako.

Tusibishane kwa maneno yetu. Twende kwenye neno lenyewe kama lilivyoandikwa tangu mwanzo.

NENO LENYEWE NI NINI?

Agano Jipya halikuandikwa kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza. Liliandikwa kwa Kiyunani. Wala siyo Kiyunani cha mabingwa wa mashairi, bali kile cha watu wote, kilichosambaa baada ya vita vya mfalme Aleksanda Mkuu, aliyekufa mwaka 323 K.K. Kilikuwa lugha ya sokoni, bandarini na kambini kwa askari. Mtu wa nchi hii na mtu wa nchi ile, kila mmoja na lugha ya mama yake, walikutana wakaelewana kwa Kiyunani, kama vile Kiswahili kilivyofuata njia za biashara toka pwani mpaka bara. Mungu hakuchagua lugha ya kujificha. Alichagua lugha ambayo hata mchukuzi wa mizigo aliielewa.

Katika lugha hiyo, neno linalotafsiriwa "kuokoa" ni SOZO. Linatokea katika Agano Jipya zaidi ya mara 100. Maana yake ni kumtoa mtu katika hatari, kumponya, kumfanya awe salama na mzima. Siyo neno la dini peke yake. Lilitumika kwa mtu anayezama, kwa mgonjwa, hata kwa abiria wa meli iliyopigwa na dhoruba.

Soma Mathayo 14:28-31. Petro anatembea juu ya maji. Anaona upepo, anaogopa, anaanza kuzama. Analia kwa Bwana amwokoe. Kwa Kiyunani kilio chake ni maneno matatu tu, na mojawapo ni hili SOZO. Hakuwa na nafasi ya sala ndefu!

Sasa nikuulize: Petro aliokolewa lini? Baada ya kufa? Biblia inasema mara hiyo Yesu akanyosha mkono akamshika. Kama Petro angesubiri aokolewe baada ya kuzama, huo ungekuwa msiba, usingekuwa wokovu.

Tena soma Matendo 27. Mtume Paulo yuko melini na watu wote pamoja ni 276. Dhoruba imewapiga siku nyingi, jua halionekani, nyota hazionekani. Mstari wa 20 unasema tumaini lote la kuokoka likawatoka. Neno ni lile lile. Watu wale hawakuwa wanafikiria mambo ya baada ya kufa. Walikuwa wanaitafuta nchi kavu! Na wote wakafika salama kisiwa cha Melita, ambacho leo kinaitwa Malta.

Unaona? Mwenye lugha hiyo aliposikia SOZO, hakuwaza kaburi. Aliwaza mkono unaomshika mtu kabla hajazama.

KUPONYA NA KUOKOA NI NENO MOJA

Hebu sasa tazama wanawake wawili.

Wa kwanza yuko Marko 5:25-34. Ametokwa na damu miaka 12. Amezunguka kwa waganga mpaka amemaliza fedha zake zote, na hali ikazidi kuwa mbaya. Akapenya katikati ya umati akagusa vazi la Yesu. Yesu akamwambia kwamba imani yake IMEMPONYA.

Wa pili yuko Luka 7:36-50. Huyu mwili wake hauumwi. Shida yake ni jina baya. Mji mzima unamjua kuwa ni mwenye dhambi. Anaingia nyumbani mwa mtu wa dini, analia miguuni pa Yesu, watu wanamkodolea macho. Yesu akamwambia kwamba imani yake IMEMWOKOA.

Katika Biblia zetu utaona huku "kuponya", kule "kuokoa". Lakini kwa Kiyunani maneno hayo ya Yesu kwa wanawake wote wawili ni yale yale, hayakubadilika hata herufi. SESOKEN. Imekuokoa, imekuponya, imekufanya mzima.

Kwa Yesu, damu inayotoka mwilini na aibu inayovuja moyoni vyote vinahitaji tabibu mmoja. Wewe ambaye hospitali haijakuona na ugonjwa wowote, lakini usiku hulali kwa yale uliyoyafanya, neno hili ni lako pia.

SARUFI KIDOGO: -LI-, -ME-, -NA-, -TA-

Usiogope neno sarufi. Shuleni lilitutesa, lakini hapa litatusaidia! Sisi Waswahili tunabeba wakati ndani ya kitenzi. Mtu akisema "mama alikuja", huenda alikuja jana na amekwisha kuondoka. Akisema "mama amekuja", basi fungua mlango wa sebuleni utamkuta amekaa. Hiyo -ME- inasema jambo limetendeka na matokeo yake yapo sasa hivi.

Wayunani nao walikuwa na wakati wa namna hiyo. Katika neno letu, wanarudia sauti ya kwanza ya kitenzi: SOZO inakuwa SE-SO-KEN. Ukiona hiyo SE mbele, jua jambo limekwisha kufanyika na bado limesimama. Hiyo ndiyo -ME- yao.

Basi, Maandiko yanalitumia neno hili kwa nyakati nne. Zishike zote.

(1) ALITUOKOA. Tito 3:5. Kiyunani: ESOSEN. Ni jambo lililofanyika. Paulo anasema Mungu alituokoa kwa rehema yake, si kwa matendo mema tuliyoyatenda sisi.

(2) MMEOKOLEWA. Waefeso 2:8. Kiyunani: SESOSMENOI. Ile SE umeiona? Limetendeka na linaendelea kusimama. Sasa tazama Paulo anawaandikia nani. Soma sura ya 6 ya barua hiyo hiyo: kuna watoto wanaoambiwa wawatii wazazi, kuna akina baba, kuna watumwa na mabwana zao. Ni watu wanaopika, wanaofanya kazi, wanaolea. Barua haipelekwi makaburini! Watu hai, wenye anwani hapa duniani, wanaambiwa kwamba wamekwisha kuokolewa.

(3) TUNAOKOLEWA. 1 Wakorintho 1:18. Kiyunani: SOZOMENOIS. Jambo linaendelea. Mungu bado yuko kazini ndani ya mtu.

(4) TUTAOKOLEWA. Warumi 5:9. Kiyunani: SOTHESOMETHA. Siku ya ghadhabu ya Mungu iko mbele, na siku hiyo mwenye kuhesabiwa haki kwa damu ya Yesu ataokolewa na ghadhabu hiyo.

Pengine utasema, "Mbona nne? Mtu anaokolewa mara ngapi?" Chukua mfano wa mtu aliyechukuliwa na mto wakati wa masika. Vijana wameruka wakamvuta mpaka ukingoni. Je, ameokolewa? Ndiyo, ameokolewa! Hayumo tena majini. Lakini bado anakohoa maji, anatetemeka, watu wanamfunika kanga na kumkanda kifua. Bado anahudumiwa. Tena kwao ni mbali, mpaka afikishwe mlangoni. Hao ni -ME-, -NA- na -TA- katika mtu mmoja na siku moja. Haiwezekani umkande kifua mtu ambaye bado yuko katikati ya mto!

MAKOSA MAWILI

Kosa la kwanza ni la yule anayeshika -TA- peke yake. Huyo ndiye anayesema hakuna anayeokoka hapa duniani. Ameona Mathayo 24:13, kwamba atakayevumilia hadi mwisho ndiye atakayeokoka. Ni kweli, imeandikwa. Lakini atavumiliaje hadi mwisho mtu ambaye hajaanza? Anasubiri kufika bila kupanda chombo.

Kosa la pili ni la yule anayeshika -ME- peke yake. "Nimeokoka, nimemaliza." Anaimba kwa sauti kubwa kanisani, lakini madeni ya watu halipi, nyumbani ni ngumi, na maneno yake ni makali kama pilipili. Pengine ni huyo aliyekufanya uuchukie wokovu. Sikia, ndugu yangu: ukiona noti bandia, hutupi noti halali zilizomo mfukoni mwako. Mathayo 1:21 inasema kwa nini mtoto aliitwa Yesu. Ni kwa sababu atawaokoa watu wake NA dhambi zao. Kwa Kiyunani hapo kuna neno APO, yaani "kutoka". Anawatoa humo. Hajaja kumfariji mtu abaki humo humo majini akijisikia vizuri.

NANI ANAYEOKOA?

Hapa pana jambo zuri sana. Kiswahili chetu kina OKOA, OKOLEWA na OKOKA. Anayeokoa ni mwingine. Anayeokolewa ni yule aliyeshikwa mkono. Na kuokoka ni ile hali anayobaki nayo baada ya kushikwa. Kwa hiyo mtu akisema "nimeokoka" kwa haki, hajisifu hata kidogo. Anasema, "Nilikuwa nazama, kuna aliyenitoa." Je, aliyetolewa mtoni anajivuna kwa kuogelea?

Siku ya Pentekoste Petro alihubiri Yerusalemu, akawasihi watu wajitenge na kizazi kile kilichopotoka (Matendo 2:40). Katika Biblia ya Kiswahili tunasoma "jiokoeni". Lakini Kiyunani kinasema SOTHETE, na umbo la neno hilo ni la kutendewa. Ni amri, lakini ni amri ya kutendewa! Ni kama kumwambia mtu, "Okolewa!" Masikioni mwetu inasikika ngeni. Mtu ataamriwaje kutendewa?

Mwulize yeyote aliyewahi kumtoa mtu majini. Kazi ngumu ni pale anayezama anapopigana. Anatupa mikono, anamkaba mwokozi wake, wote wawili wako hatarini. Unamwambia, "Tulia! Nikushike!" Hiyo ndiyo SOTHETE. Acha kupigana. Kubali uokolewe. Watu wapata 3,000 walikubali siku ile ile.

Wewe je? Umejaribu kujiokoa mara ngapi? Mwaka mpya umeapa kuacha pombe. Umeapa kuacha kamari baada ya kula ada ya chuo. Dada, umeapa kuachana na yule mume wa mtu. Wiki mbili, tatu, umerudi pale pale. Hukosi nia. Unakosa mkono.

MSALABANI NENO HILI LILITUMIKAJE?

Fungua Marko 15:31. Yesu ametundikwa. Wakuu wa makuhani wanamcheka. Wanasema aliwaokoa wengine, lakini kujiokoa mwenyewe hawezi. Neno SOZO limo mara mbili katika dhihaka hiyo.

Walidhani wanamtukana, kumbe wamesema kweli kuliko walivyojua. Ilibidi achague. Akijiokoa yeye, wewe unabaki. Akikuokoa wewe, yeye anabaki pale juu. Akabaki. Misumari isingeweza kumzuia aliyetuliza bahari. Alibaki kwa sababu ya jina lako.

MTU ALIYEOKOKA KABLA HAKUJAKUCHA

Soma Matendo 16:19-34. Mji wa Filipi. Paulo na Sila wamepigwa fimbo, wamefungwa miguu gerezani. Usiku wa manane wanaimba. Tetemeko likaja, milango ikafunguka. Mlinzi wa gereza alipoamka akaona milango wazi, akafuta upanga ajiue, maana alidhani wafungwa wametoroka. Kwake yeye maisha yalikuwa yamekwisha.

Paulo akapaza sauti gizani kwamba asijidhuru, kwa maana wote wapo.

Simama hapo kidogo. Wewe unayesoma haya, labda hata wewe umekwisha kuushika upanga huo. Hakuna anayejua. Umeshapanga jinsi na saa. Matokeo ya mtihani, mimba, majibu ya hospitali, aibu ya nyumbani. Nakuambia kama Paulo: USIJIDHURU! Tupo hapa. Usiondoke uwanjani leo bila kumwambia mtu mmoja. Mshike mkono aliyekupa karatasi hii, mwambie tu, "Nina shida."

Yule mlinzi akaomba taa, akaingia ndani anatetemeka, akauliza afanye nini apate kuokoka. Hakuambiwa, "Subiri ufe, utajua huko." Hakuambiwa, "Nenda kajirekebishe kwanza." Aliambiwa amwamini Bwana Yesu, naye ataokoka, yeye na nyumba yake. Saa ile ile ya usiku akawaosha majeraha wale waliopigwa, akabatizwa, akawaandalia chakula, akafurahi na watu wa nyumbani mwake wote. Jioni alikuwa mlinzi mkali. Usiku wa manane alikuwa maiti mtarajiwa. Kabla hakujakucha alikuwa ameokoka! Wala hakwenda mbinguni asubuhi hiyo. Alibaki Filipi, hapa hapa duniani.

UFANYE NINI SASA?

Kwanza, TUBU. Kiyunani cha kutubu ni METANOEO, yaani kugeuza nia. Siyo kulia tu. Ni kugeuka, uache njia uliyokuwa unaiendea.

Pili, AMINI kwamba Yesu alikufa kwa dhambi zako na Mungu akamfufua.

Tatu, KIRI kwa kinywa chako (Warumi 10:9-10). Usiokoke kimya kimya kama mwizi.

Kama umekubali, sema sala hii kwa moyo wako wote:

"Bwana Yesu, nimekuja kwako kama nilivyo. Nimejaribu kujitoa, nimeshindwa. Mimi ni mwenye dhambi. Nimeacha kupigana nawe, nishike mkono. Naamini ulikufa kwa ajili yangu, na Mungu alikufufua. Nisamehe, unioshe kwa damu yako. Leo nakupokea uwe Bwana na Mwokozi wangu. Nijaze Roho wako Mtakatifu, unisaidie niishi kwako hata mwisho. Asante kwa kuniokoa. Amina."

Kama umeisema kwa kweli, umeokoka! Pengine umelia, pengine hukusikia kitu chochote mwilini. Usitishike. Aliyetolewa mtoni ametolewa, hata kama bado anasikia baridi. Ile -ME- haisimami juu ya hisia zako. Imesimama juu ya Yeye aliyekushika.

Sasa ile -NA- ianze. Mwone mhudumu hapa mkutanoni akuombee. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu, usikae peke yako. Pata Biblia, anza na Injili ya Marko. Kama ulimwibia mtu, mrudishie. Kama mmekosana nyumbani, nenda mkapatane leo. Na wenzako kijiweni wakikuuliza umepatwa na nini, usibishane nao. Waambie tu ulikuwa unazama, na kuna aliyekutoa.

Mungu akubariki sana.

UKIMALIZA KUSOMA, USITUPE. MPE NA MWENZAKO.